Kuta Zimebaki, Sauti Zimehamishwa: Mada Yangu kwa Vijana wa Mtwara

(Haya ni maandishi ya mada niliyowasilisha kwa vijana wa chama hapa Mtwara mjini. Wengi mliokosa nafasi mliomba niiweke hapa, nami nimeiacha karibu kama nilivyoisema.)

Mtwara! Kuchele! Mtwara! Kuchele!

Najua wengine mmetoka bandarini moja kwa moja, sare bado mwilini. Wengine mmemaliza Kidato cha Sita na mnasubiri majina ya vyuo na ya Bodi ya Mikopo. Wengine mko hapahapa mjini, Stella Maris, TIA, Chuo cha Ualimu.

Waandaaji waliniambia: "Wewe unasoma sheria Mlimani, waambie wadogo zako chuo kikoje." Nikafikiri. Habari za mihadhara na mitihani mtazikuta hukohuko, hazikimbii. Leo nataka tuzungumze majengo. Majengo yaliyopo, yaliyopotea, na yale ambayo yapo lakini yamepotea. Hilo la tatu ndilo limenileta. Hoja yangu ni fupi: jengo linaweza kupotea bila tofali hata moja kung'oka. Likinyang'anywa kazi yake, limekwenda.

Tuanzie nyumbani ili tuelewane. Nani hapa amewahi kupanda treni kutoka Mtwara kwenda Nachingwea? Hakuna. Wazee wanacheka. Lakini treni ilikuwepo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuja na mpango wa karanga. Wakafyeka mapori Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya karanga za Nachingwea wakajenga reli na bandari hii ya maji ya kina. Mpango ulianza 1947, ukafutwa 1951, na inatajwa kwamba pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wao zilikwenda na maji. Reli ikaendelea kujikongoja hadi 1962, ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Bandari ikabaki, leo inabeba korosho. Mtoto wa Mtwara anapita palipokuwa na reli bila kujua anakanyaga nini.

Huko ndiko kupotea kwa aina ya kwanza, kitu kinang'olewa kabisa. Kunauma, lakini angalau kunaonekana. Sasa twendeni chuoni tukaone aina ya pili.

Elimu ya juu ya Tanganyika ilianza na sheria. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na ushee kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifungua milango kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Hata Coaster hawajazi. Na walisomea wapi? Mlima wenyewe ulikuwa bado haujajengwa. Walisomea kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba.

Rudieni hilo vichwani. Chama cha siasa kilikuwa na jengo, nchi ikawa haina chuo, chama kikatoa jengo. Nani wa kuibeza hatua hiyo? Mimi siwezi, ndiyo mizizi ya taaluma yangu. Julie Manning, aliyesoma sheria katika chuo hicho miaka ya 1960, mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria, yeye na Tabitha Siwale wakiwa wanawake wa kwanza kuingia Baraza la Mawaziri. Kila binti anayesoma sheria leo anapita njia iliyoanzia Lumumba.

Lakini leo ukitaja "Lumumba" mtandaoni watu wanaelewa nini? Mnacheka, mnajua. Buku saba. Jina la shujaa wa Kongo, jina la mtaa uliozaa kitivo cha kwanza cha sheria nchini, limegeuka utani wa kuwachekea watu wa chama tawala wanaolipwa kutukana kwenye simu. Utani huo hata sisi tunaufanya. Mtaa haujahama, maana yake ndiyo imehama.

Mwaka 1964 chuo kikapanda Mlimani. Mwaka 1970, tarehe 1 Julai, kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili, baada ya kukaa miaka kadhaa ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Hapo ndipo tunakutana na jengo ambalo wengi wenu mmelishika kwa mikono bila kulijua. Mnaikumbuka noti ya 500 ya karatasi, kabla sarafu haijaiondoa mifukoni? Mbele Mzee Karume. Nyuma kuna jengo lenye paa la mapindo. Ule ni Ukumbi wa Nkrumah.

Kwa nini ukumbi uliwekwa kwenye fedha ya nchi? Zipo kumbi kubwa kuliko huo. Thamani yake ni yaliyosemwa ndani yake na kandokando yake. Miaka ya mwisho ya 1960 Mlimani palikuwa mahali ambapo Afrika nzima ilikuja kubishana. Walter Rodney wa Guyana alifundisha pale, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatoka 1972, Dar es Salaam ikiwa mojawapo ya miji kilikochapishwa. Mwaka 1967 wanafunzi waliunda chama chao cha kimapinduzi, USARF, mwenyekiti wake kijana wa Kiganda aitwaye Yoweri Museveni. Ndiyo, huyohuyo. Alivyogeuka baadaye ni mada ya siku nyingine.

Hapa ndipo Mtwara inaingia. Wale wanafunzi hawakuishia kupiga makofi ukumbini. Baadhi yao walikuja huku Kusini, wakavuka Ruvuma na wapiganaji wa FRELIMO, wakaenda kuona kwa macho maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji. Mto huu ambao sisi tunauona ni wa kuvulia samaki na kuvusha magendo, kwao ulikuwa darasa. Aliyetaka kuelewa ukombozi alisoma Mlimani, kisha akaja kufanya mtihani Ruvuma.

USARF walikuwa na jarida lao, Cheche, lililoanza 1969. Humo ndimo Issa Shivji, mwanasheria, alipotoa uchambuzi wake wa matabaka Tanzania mwaka 1970. Jarida lilichapwa kwa mashine ya kurudufu na kuuzwa kwa mikono. Novemba 1970 serikali ikapiga marufuku vyote viwili, USARF na Cheche. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba jina Cheche linanuka Urusi, na kwamba Umoja wa Vijana wa TANU upo chuoni, kwa hiyo chombo kingine cha nini?

Wanafunzi walifanya nini? Walianzisha jarida jingine chini ya Umoja wa Vijana wa TANU uleule, na mkisikia walivyoliita mtafurahi. Waliliita MajiMaji. Vita vyetu sisi watu wa Kusini! Umenikataza jina la Kirusi? Haya, chukua la Matumbi. Ndiyo akili ya mwanafunzi hiyo. Ukimfungia mlango, anachungulia dirishani.

Sasa angalieni. Siku USARF inafutwa, Ukumbi wa Nkrumah ulikuwepo. Siku iliyofuata ulikuwepo. Hakuna greda lililokuja. Lakini kuna kitu kilipotea, na huwezi kukipiga picha.

Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana na majoho yao mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwasikiliza, akawafukuza karibu 400, na akapunguza mshahara wake mwenyewe. Mnaweza kusema wale vijana walikuwa wabinafsi, walitaka wasome kwa jasho la wakulima kisha wasitumikie. Tubishane, ni halali. Machi 1978 wakaandamana tena, safari hii kupinga viongozi kujiongezea marupurupu. Hao utawaita wabinafsi? Nao walifukuzwa kwa mamia. Chama chao cha wanafunzi, DUSO, kikafutwa, ikaletwa MUWATA iliyokuwa chini ya Umoja wa Vijana wa CCM. Mei 1990 chuo kizima kikafungwa baada ya mgomo, wanafunzi wakarudishwa makwao mpaka mwaka uliofuata.

Kuna eneo la wazi kule chuoni linaitwa Revolution Square. Ndipo vizazi vya wanafunzi walikuwa wakikusanyika kabla ya kugoma. Mgeni akifika ataona eneo la kawaida tu, watu wanakatiza wakiwahi vipindi. Hakuna bamba linalosema 1978 kulitokea nini. Nchi imewaandikia mabamba watu waliopita siku mbili tatu. Waliofukuzwa chuo kwa kuhoji marupurupu hawana hata jiwe.

Ngoja, nisiwadanganye kwamba kila kilichopotea kilikuwa kizuri. Kulikuwa na ukuta wa Punch. Wanafunzi wasiojulikana walibandika usiku makaratasi yenye michoro na maneno ya kejeli. Mwanzoni iliwasema wakubwa, na watu waliipenda. Baadaye ikageuka fimbo ya kuwachapia wanawake. Msichana akikataa kutongozwa, kesho anakuta jina lake ukutani. Mapema mwaka 1990 mwanafunzi mwenzetu wa kike alijitoa uhai baada ya kudhalilishwa namna hiyo, na Punch ikapigwa marufuku. Mimi ukuta ule siulilii. Nawaambia hasa ninyi kaka zangu mnaoendesha magrupu ya WhatsApp na kurasa za chama: uhuru wa maoni ambao mwanamke anauogopa bado haujawa uhuru. Tukidai Mlimani irudi ilivyokuwa, tuseme ni kipi tunataka kirudi.

Tuje karibu. Aprili 2017 yalizinduliwa mabweni mapya, majengo 20, nafasi za wanafunzi 3,840, kwa shilingi bilioni 10. Yakapewa jina la Rais aliyekuwa madarakani. Tuseme kweli, mabweni yalihitajika. Ukimkuta mwanafunzi aliyewahi kubebana kitanda kimoja na mwenzake, usimletee siasa, mwache ashukuru kitanda. Lakini Desemba mwaka huohuo zikasambaa picha za nyufa kwenye majengo hayo. Wataalamu wa serikali wakasema zile ni nafasi za kuruhusu jengo kutanuka. Inawezekana walikuwa sahihi, mimi si mhandisi. Ila mwanafunzi aliyehusishwa na kusambaza picha alishikiliwa na polisi.

Linganisheni nyakati. Mwaka 1970 mwanafunzi wa Mlimani aliandika uchambuzi wa matabaka ya nchi nzima. Mwaka 2017 mwanafunzi wa Mlimani anashikiliwa kwa picha ya ukuta wa bweni analolala. Kuta zimeongezeka. Nafasi ya kusema imekuwaje?

Na sisi wanasiasa tusijitoe. Sehemu ya ardhi ya chuo ilikodishwa kwa mwekezaji wa kutoka Botswana, na mwaka 2006 ikafunguliwa Mlimani City. Maduka, sinema, na ukumbi wa mikutano. Vyama vinaukodi ukumbi ule, chetu kikiwemo. Yaani leo ukitaka kuzungumza siasa kwenye ardhi ya chuo kikuu, njia rahisi ni kulipia ukumbi dukani. Barabara inayotenganisha ukumbi huo na darasa langu ni moja tu, lakini upande ule siasa ni biashara halali, na upande huu ukimwita mwenzako mkajadili chama, unaangalia nyuma.

Sasa nivae koti la sheria kidogo, msisinzie.

Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda majengo. Lakini kwa kawaida jengo linalohesabiwa lenyewe kuwa kumbukumbu ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Kabla ya 1863! Pigeni hesabu. Ukumbi wa Nkrumah haumo. Jengo la Lumumba halimo. Reli yetu haikuwemo. Chochote kilichojengwa na kizazi cha Uhuru hakimo, mpaka Waziri akitangaze kwa tangazo rasmi.

Matokeo yake mnayaona hapa jirani. Nendeni Mikindani. Boma la Mjerumani, la mwaka 1895, limekarabatiwa vizuri, ni hoteli. Livingstone alipitia Mikindani mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho, na anakumbukwa pale. Sawa, sina ugomvi na historia. Lakini hapa Mtwara FRELIMO walikuwa na hospitali yao, Hospitali ya Dk. Américo Boavida, iliyobeba jina la daktari Mwangola aliyeuawa vitani 1968. Majeruhi walivushwa Ruvuma wakatibiwa hapa, katika mji huu. Vijana wangapi humu ndani wanaweza kusimama sasa hivi wakaninyooshea kidole ilipokuwa? Naona mikono miwili, na yote ni ya wazee. Boma lililojengwa kututawala tunalijua. Hospitali iliyotibu waliopigania kutotawaliwa hatuijui.

Jambo la pili la kisheria. Mahali pa kuzungumzia nako kuna historia yake, na imo kwenye vitabu vya kesi. Zamani mkutano wa hadhara ulihitaji kibali. Mchungaji Christopher Mtikila akaishitaki Serikali, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira, Mahakama Kuu Dodoma, akasema sharti la kibali linavunja Katiba. Kukusanyika ni haki ya Ibara ya 20, huwezi kuiomba kama unaomba lifti. Tangu hapo sheria inadai taarifa kwa polisi, saa 48 kabla. Taarifa, makamanda. Kibali ni kitu kingine. Pamoja na hukumu hiyo, kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ilizuiwa kwa kauli tu, mpaka Januari 2023 ilipofunguliwa, nayo kwa kauli. Hapo katikati, mwaka 2019, Sheria ya Vyama vya Siasa ikaongezwa kifungu: anayetaka kukipa chama elimu ya uraia amwarifu Msajili siku 30 kabla. Mimi ni mwanachama nawasimulia wenzangu habari za majengo, nadhani tuko salama.

Kwa nini nawachosha na haya yote? Kwa sababu Mtwara inajua gharama yake kuliko mkoa wowote. Desemba 2012 watu wa mji huu waliandamana kwa amani, maelfu, wakisema gesi haitoki mpaka tuambiwe tunapata nini. Lilikuwa swali, na swali linajibiwa. Lilijibiwaje? Kwa kuitwa wachochezi. Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati ilipokuwa inasomwa, mji ukawaka. Nyumba na ofisi zikachomwa, watu wakafa, familia zikakimbia. Bomba likajengwa, 2015 likazinduliwa. Sitetei moto hata kidogo. Aliyechomewa nyumba hakuwa bomba. Lakini nasema hivi: ukiwa umefunga kila ukumbi na kila uwanja wa kuongelea, usishangae maneno yakitoka na mafuta ya taa. Ukumbi wa mjadala si pambo la chuo. Ni kinga ya mji.

Basi tufanye nini? Nina kazi tatu, na nimezipima, zote ziko ndani ya uwezo wetu.

Moja. Kila tawi la vijana Mtwara, Mikindani, Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu lichague sehemu moja iliyopotea au inayopotea. Stesheni ya reli, hospitali ya FRELIMO, shule ya zamani, uwanja wa mikutano. Mtafuteni mzee anayeijua, mumrekodi kwa simu, muandike kurasa mbili. Msiandike mnachokisia. Andikeni alichoona.

Mbili. Tukiwa na maandishi hayo, tutaandika barua kwa Waziri mwenye dhamana kuomba maeneo hayo yatangazwe kuwa kumbukumbu. Sheria inampa uwezo huo. Akikataa, atukatalie kwa maandishi, ili wajukuu wetu wajue nani alikataa. Barua hiyo haina rangi ya chama. Waalikeni hata vijana wa upande wa pili, ile hospitali haikuuliza majeruhi kadi.

Tatu, hii ni kwa mnaokwenda vyuoni. Utafika, utaonyeshwa maktaba mpya, mabweni, geti. Pigeni picha, tumeni nyumbani mama afurahi. Kisha uliza hapa watu walikuwa wanabishania wapi. Ukionyeshwa, kaa hapo na wenzako watatu, fungueni kitabu, bishaneni kwa hoja. Darasa la kwanza la sheria nchini halikujaza Coaster. Watu wanne wanatosha kuanzia.

Mtwara! Kuchele!

Sasa maswali, na naomba tuanze na wale wazee wawili walionyoosha mikono. Kalamu ninayo, nataka kuandika.